Bipu Tatu kutoka Gashoho

Mwanangu yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu watu wakinisikia ninavyosimulia, sauti imelala chini, wanadhani nimezika. Sijazika. Ana miaka mitatu, anakula vizuri, anacheka akimwona kuku, na mkono wake wa kulia umekunja ngumi isiyofunguka. Kabla ya siku ile ulikuwa unafunguka. Kabla ya siku ile alikuwa anaita mama, anaita bibi, anaita maji. Sasa anaita "aa," na sisi tunakisia.

Nitaeleza ilivyokuwa. Wengine wameshaeleza kwa niaba yangu, kwa Kifaransa, kwenye mikutano yenye Fanta na chapati, na walieleza vibaya.

Nilikuwa napokea simu Gitega. Mradi mmoja wa afya ya mama na mtoto ulikuwa umepanga nyumba mtaa wa Yoba, nyumba ya familia kabisa, hata alama za penseli za kupimia urefu wa watoto bado zilikuwa ukutani. Sebuleni waliweka meza tatu, kompyuta tatu na vifaa vya kuvaa masikioni, na sisi wanawake watatu. Nilimaliza sekondari Muyinga baada ya kuanza shule Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi nilikokulia. Walinichukua kwa sababu ninaongea Kirundi, Kiswahili, na Kifaransa cha kuombea kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa namba ya bure. Una mimba unatoka damu, una mtoto anaungua homa, unabonyeza tarakimu chache, hukatwi inite hata moja ya salio. Sisi tunakuuliza maswali, tukiona hatari tunampigia dereva wa ambulansi wa komine, tarafa yako. Kazi nzuri. Sisemi kazi ilikuwa mbaya.

Mtoto nilimwacha Gashoho kwa mama yangu. Baba yake alirudi Tanzania kutafuta vibarua, akapata kibarua na mwanamke, basi. Mtoto alikuwa na degedege tangu alipotimiza mwaka. Homa ikipanda anakakamaa, macho yanageuka, mate yanatoka. Daktari wa Muyinga aliniambia maneno ambayo nayajua kwa moyo: ikiisha haraka, usiogope; isipoisha haraka, kila dakika inamla. Kituo cha afya kina dawa ya kuikata. Kutoka kwa mama hadi kituo cha afya ni milima miwili kwa miguu. Kwa hiyo jambo langu lilikuwa moja tu, na kila kitu nitakachosema hapa kinahusu hilo: degedege ikishika, mama aweze kuita gari.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye simu ya kuita gari. Nilidhani nina bahati.

Siku ya kwanza kazini nilidhani namba ya bure ni simu, imekaa mahali fulani, inalia. Siyo hivyo. Shefu wetu, tuliyemwita Madamu, alituchorea ubaoni. Serikali ina ofisi inayogawa namba. Mradi unaomba, unapewa tarakimu zako, unaambiwa hizi ni zenu nchi nzima. Lakini tarakimu hizo peke yake haziendi popote. Nyuma yake kuna namba ya kawaida, ndefu, ile ya meza zetu pale Yoba, ambayo hakuna mtu wa nje anayeijua. Kampuni moja ya simu inakubali kuwa mwenyeji: ndiyo inayoleta simu zote mpaka kwetu, na mradi unailipa. Kampuni nyingine kila moja inatakiwa kuandika kwenye mashine zake kwamba mteja wetu akibonyeza hizi, msimkate, mvusheni kwa mwenyeji. Kila kampuni inaandika peke yake, kwa wakati wake, ikishapatana na mwenyeji nani atamlipa nani kwa kuvusha. Isipoandika, mashine yake haijui kitu, na yule mwanamke wa kurekodiwa anamwambia mteja kwamba namba hiyo haipo.

Kwa hiyo namba moja inaweza kuwapo na kutokuwapo siku ileile, nyumba ileile, kutegemea umeweka kadi gani kwenye simu.

Kilimani kwa mama mtandao unaoshika ni mmoja. Mingine unaitafuta nyuma ya kanisa, umeinua mkono kama unaapa mahakamani. Na huo mmoja ndio uliokuwa haujaandika namba yetu.

Redioni tangazo lilikuwa linapigwa asubuhi na jioni, wimbo na vigelegele, mwanamke anasema: piga bure, mitandao yote! Nilikwenda kwa Madamu.

"Madamu, ile ya mitandao yote siyo kweli. Kwa mama yangu wanasema namba haipo."

"Tunajua. Ni mambo ya interkoneksiyo, kampuni kuunganishana. Wanazungumza."

"Wanazungumza na nani?"

"Wao kwa wao."

"Basi redio iache kusema mitandao yote mpaka wamalize kuzungumza."

"Tangazo limeshalipiwa," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nilikwenda kwenye tawi la kampuni ya mtandao ule wa kwa mama, mjini. Kijana wa kaunta alinisikiliza huku anakata kadi za mtu mwingine.

"Dada, hiyo si shida ya hapa. Piga huduma kwa wateja. Ni bure."

Nikapiga palepale, nimesimama mbele yake. Muziki, muziki, halafu mwanamke: "Kwa tatizo hilo, tembelea tawi letu lililo karibu nawe."

"Niko ndani yake."

"Basi mwone wa kaunta."

Nikampa kijana simu waongee wenyewe. Wakasalimiana. Kumbe walisoma pamoja. Wakacheka, wakaulizana habari za harusi ya mtu. Nikachukua simu yangu nikaondoka.

Hata fundi wa kampuni mwenyeji, alipokuja kutubadilishia vifaa vya masikio, nilimuuliza. Alisema kuandika namba kwenye mashine ni kazi ya muda wa kunywa chai. Kinachochelewa ni saini.

"Ya nani?"

"Wa juu."

"Juu wapi?"

Akacheka. "Mama mtoto, na wewe! Juu ni juu."

Halafu wakaja wageni wa mradi, wale wanaotoa pesa. Waliletwa Muyinga kuangalia wamama wanavyofaidika. Mmoja wao, mzungu mrefu, alikuwa amenunua kadi ya ule mtandao njiani. Akajaribu namba mbele ya watu. Namba haipo. Nasikia aliangalia simu yake, akamwangalia Madamu. Wiki ileile ikaandikwa. Mimi nilikuwa nimesema miezi na miezi, na mama yangu alikuwa anakaa na mtoto wangu muda wote huo akitegemea namba isiyokuwapo. Simu ya mgeni ilisema mara moja.

Sawa. Ikaandikwa. Jumapili iliyofuata nikapanda gari la Muyinga, nikashuka Gashoho, nikapanda kilima kwa miguu. Nikachukua simu ya mama, ile ndogo ya batani, nikabonyeza. Ikaita. Mwenzangu wa zamu akapokea kutoka Yoba, na maneno yetu yaleyale ya kukaribisha.

"Ni mimi," nikasema, "najaribu."

"Yoo! We iko wapi?"

"Kwa mama."

"Basi salimia mama mutama. Na uniletee ndizi, usijifanye umesahau."

Nilikata, nikakaa chini kwenye majani. Sikulia. Nilisikia njaa tu, kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa lazima niseme kuhusu kubipu, maana bila hilo hamtaelewa, kama ambavyo kwenye mikutano hawakuelewa.

Kwetu kubipu ni lugha. Tulijifunza kambini, nyumba tano simu moja. Bipu moja: nakusalimia. Bipu mbili: ukipata inite nipigie. Bipu tatu zinazofuatana: acha unachofanya, kuna shida. Mama hajui kusoma, lakini hilo hakosei. Nilipokuwa sekondari nikilala kwa watu, alikuwa ananibipu mara moja kila asubuhi. Sijawahi kuongea na mama yangu kwa simu zaidi ya dakika mbili maishani. Na kuna adabu yake: inalia mara moja, unakata. Ukiiacha iendelee, mwenzio anaweza kupokea, na hapo kuna mtu analiwa pesa bila kukubaliana.

Nilimwambia mama siku ile: "Hii ni ya bure. Usikate. Subiri mtu aongee."

"Bure kwa nani?"

"Kwako."

"Na yule anayepokea?"

"Yeye analipiwa na mradi."

"Kwa hiyo kuna mtu analipa."

"Kuna mtu, ndiyo, ila siyo wewe, mama."

"Huyo mtu ananijua?"

"Hakujui."

"Basi nitakulaje pesa ya mtu asiyenijua?" Akaniangalia kama mimi ndiye niliyekosa malezi. "Nitabipu. Si uko hapo wewe? Utaona ni mimi, utanipigia."

"Mama, usibipu hii."

"Ego, ndiyo. Nimesikia."

Nikamfanyia mazoezi. Akabonyeza, ikaita, kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye batani nyekundu. Nikamwambia tena. Akabonyeza, akashikilia simu mbali na sikio kama kitu cha moto, mpaka mwenzangu akapokea. Mama akamwambia pole kwa kukusumbua, akakata.

Nikaona amejifunza. Nikarudi Gitega.

Hakuwa yeye peke yake. Tulipofunguliwa mtandao ule, mabipu yalianza kumiminika. Nchi nzima ilikuwa inabipu namba ya bure. Inalia mara moja, kimya. Inalia mara moja, kimya. Mwenzangu wa meza ya kulia, binti wa Kiislamu wa palepale Gitega, nyumbani kwao wanauza vitenge, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Hawa batu banabipu mpaka bure! Ukibapatia mbingu, batabipu kwanza."

Mwanzoni tulikuwa tunawapigia. Halafu Madamu akatukataza, kwamba simu za kutoka hazimo kwenye bajeti, na kwamba mtu mwenye shida ya kweli atasubiri tupokee. Kwa waliotoka mtandao ule hata tungetaka tusingeweza. Simu zao zote zilikuja na namba moja. Mwanamke wa Muyinga, wa Makebuko, wa wapi, kwenye kioo changu wote ni namba ileile. Nilimuuliza Madamu, akamuuliza fundi, jibu likarudi: hiyo ni namba ya mlango. Simu ikitoka kampuni moja kwenda nyingine inapita mlangoni, na mlango wao unaweka namba yake mwenyewe badala ya namba ya anayepiga. Hawakuwa wamepatana kupitisha namba za wateja. Itarekebishwa.

Tukazoea kuiita Mlango. "Mlango anabipu." "Mpokee Mlango wako." Kama mtu.

Simu zetu wenyewe, za mfukoni, zilikaa kwenye droo ya Madamu, zimezimwa sauti, mpaka jioni. Ilikuwa sheria, ili tusichezee WhatsApp.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko Gashoho. Hilo lina maana, kwa sababu siku ya soko wanaume wote wa kilima wako sokoni, na wanaume ndio wanaobeba ingobyi, ile machela ya kusuka ya kubebea mgonjwa. Kulikuwa na jua. Gitega nilikuwa nimekula maharage na nilikuwa nasinzia.

Mlango akabipu.

Baada ya muda mfupi, Mlango akabipu.

Mwenzangu, bila kugeuza shingo: "Mpenzi wako huyo."

"Mwambie nimeolewa," nikasema.

Mlango akabipu tena. Nilikuwa nimeweka kidole tayari kubonyeza kijani, nimpate kabla hajakata, tulikuwa tunafanya hivyo wakati mwingine kama mchezo wa kukamata nzi. Nilibonyeza. Alikuwa ameshakata.

Halafu ikaingia simu ya kweli, mjamzito wa Makebuko amevimba miguu, nikaongea naye maswali yote kumi na kitu, nikampigia dereva. Alijifungua salama huyo, niliambiwa. Nafurahi. Nasema nafurahi na ninasubiri nisikie furaha.

Watu wanataka kwenye hatua hii niseme nilikosa. Wananipa nafasi, wanatega sikio. Sikukosa. Bipu tatu za mama yangu ningezitambua hata nimelala, hata niko ndani ya maji. Kwa zaidi ya miaka kumi hazijanipita. Lakini hazikuja na mama yangu. Zilivuliwa jina lake mlangoni, zikaja kwangu kama bipu za nchi nzima.

Alibipu pia simu yangu ya mfukoni, mara tatu. Ilikuwa kwenye droo.

Akasubiri. Alikuwa amesema mara tatu, kwa namba mbili, kwa binti aliyekaa kwenye simu. Kwa akili yake, gari lilikuwa limeshaitwa. Aliniambia baadaye: "Nilijua umeona. Nikasema sasa anampigia dereva, ndiyo maana hanipigii mimi." Akakaa mlangoni na mtoto mapajani, amemlaza ubavu kama nilivyomfundisha, anasikiliza barabara. Mtoto anatetemeka. Alikaa hivyo muda gani sijui na sitaki kujua. Aliponyanyuka alimfunga mgongoni hivyohivyo anavyokakamaa, akashuka milima. Barabarani akakutana na mwendesha taksi-velo, baiskeli ya abiria, anayetoka sokoni, akawapakia. Kituo cha afya wakaikata kwa dawa, wakamtuma hospitali ya Muyinga. Mwendesha velo ndiye aliyeweka inite zake akanipigia, akanikosa, akapiga tena, mpaka jioni nilipochukua simu kwenye droo, nikapokea.

"Wewe ndiye binti wa yule mama?" akasema. "Njoo. Usikimbie, lakini njoo."

Muyinga nilifika kesho yake asubuhi kwa gari la kwanza. Alikuwa amelala, mdomo wazi, mirija puani. Mama alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, ana vumbi jekundu mpaka magotini. Hakuinuka kunisalimia. Akaniuliza swali moja.

"Hukuona?"

Nikamweleza. Nilimweleza mlango, nikamweleza mwenyeji, nikamweleza kampuni mbili ambazo hazikupatana. Nilieleza vizuri sana, Madamu angeniongezea mshahara. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walichukua namba yangu wakaweka ya kwao."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikachukua maji, nikaanza kumwosha vumbi miguuni.

Mradi ulifanya kikao. Walikuja watu wa kampuni mwenyeji, na mmoja wa kampuni nyingine, suti ya bluu, viatu vya kuchongoka. Waliweka ukutani picha ya kompyuta: siku ile, saa fulani, simu imefika, haikujibiwa, muda wake sifuri. Mara tatu.

"Kama mnavyoona," akasema mwenye suti, "namba ilifanya kazi. Simu ilivuka. Kwa upande wetu hakuna hitilafu. Tatizo ni tabia ya mpigaji."

"Mpigaji ni mama yangu," nikasema.

"Pole sana, Madamu."

"Usiniite Madamu. Kwenye mashine yenu, namba ya mama yangu iko?"

"Kwa upande wetu, bila shaka."

"Kwa hiyo mliijua. Ilifika mlangoni kwenu ikiwa na namba yake."

"Kiufundi, ndiyo, mais, lakini..."

"Mkaivua."

"Ni utaratibu kati ya waendeshaji. Bado hatujasaini kipengele hicho."

"Na mtu akibipu ile namba yenu ya kununulia inite, ambayo na yenyewe ni ya bure, mnampigia?"

Akatabasamu kidogo. Kwa mara ya kwanza siku ile aliongea kama mtu. "Hiyo ndiyo, tunampigia. Hiyo ni biashara."

Mwenzangu wa vitenge, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akasema kwa sauti ambayo wote walisikia: "Ewe Mungu. Na anasema akicheka."

Nilivua kitambulisho cha shingoni nikakiweka kwenye sahani ya chapati. Ningependa kusema nilipiga meza, nilitukana. Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. Lakini ilikuwa imekaa mbali, kama moto unaouona mlima wa pili, unauona mwekundu, joto halikufikii. Mpaka leo iko pale. Nikiamka naiangalia kwanza, kama bado inawaka. Inawaka.

Sasa nakaa Gashoho. Sokoni nauza dagaa na chumvi. Kadi ya mtandao ule ninayo, nafanyaje, ndio unaoshika. Tangazo la redio bado linapigwa, vigelegele vilevile, na wanawake wa soko wanaujua wimbo, wanaimba wakifunga vibanda. Kila anayeimba karibu nami namwambia: usibipu. Subiri mtu aongee. Wananiona nimechanganyikiwa kidogo. Mmoja aliniuliza kama nalipwa kwa kutangaza.

"Silipwi."

"Basi mwache mtu abipu kwa raha zake, mama dagaa."

Nikamshika mkono, nikamwonyesha kwa simu yake mwenyewe, mpaka Gitega wakapokea. Siwezi kufungua mlango wa kampuni. Vidole vya watu naweza.

Wiki iliyopita degedege ilirudi. Mchana, nimetoka soko mapema. Nilikuwa nimemshika mtoto amelala ubavu, mikono yangu miwili ina kazi, nikamwambia mama, "Piga."

Alibonyeza. Nilisikia inaita mara ya kwanza. Nikaona kidole gumba chake kinasogea kwenye nyekundu, miaka yote ile ya kambini iko ndani ya kidole hicho.

"Mama. Usikate."

Ikaita mara ya pili.

"Mama, waache walipe. Nakuomba. Waache walipe!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Kuku walikimbia. Mama alishika simu kwa mikono miwili, akafumba macho, kama mtu anayechomwa sindano. Ikaita mara ya tatu. Akapokea mwenzangu wa vitenge. Niliitambua sauti yake. Yeye hakumtambua mama, atamtambuaje, kwenye kioo chake ilikuwa Mlango.

Mama akaanza: "Mwiriwe mwanangu. Hujambo. Na wa nyumbani kwako?"

"Hawajambo, mama. Sema shida."

"Pole kwa kukusumbua."

"Hunisumbui, mama. Sema."

Na mama akasema. Alisema kilima, alisema kanisa, alisema mjukuu. Hakukata. Degedege iliisha kabla gari halijafika, iliisha haraka, ile ya kutoogopa. Gari lilifika. Dereva alimpima, akatuchukua hivyohivyo. Njia nzima mama alikuwa na simu sikioni, amenyooka, anasikiliza, ingawa Gitega walikuwa wameshakata zamani.